Blanketi la Zafarani

Achieng, mwenzangu wa kazi, anarudi Kenya wiki hii, na kitanda chake kimemezwa na blanketi. Mnalijua lile blanketi. Zito kama mtoto wa nasari, linauzwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, na katikati amechorwa chui milia anayekukodolea macho kama umemkalia mkia. Sijui nani alianza, lakini mtu akitoka Dubai bila hilo blanketi, kwao watauliza kama kweli alifika.

Achieng alivuta zipu ili alikunje upya liingie kwenye katoni, harufu ya plastiki na rangi mpya ikatoka, na mimi niliyekuwa nimeshika selotepu nikajikuta nimekaa chini.

"We, vipi? Shika hapo tufunge. Yalla."

"Nilikuwa na taiga," nikasema.

"Blanketi?"

"Taiga. Chui milia mwenyewe. Anayekula kuku."

Achieng aliniangalia vile anavyomwangalia mteja anayerudisha chakula baada ya kukimaliza. "Wakesho, acha uongo. Shika selotepu."

Sipendi kuitwa mwongo. Ndiyo maana naandika, tena naandika haraka kabla zamu yangu ya hotelini, kule Oud Metha, haijaanza, kwa hiyo msitegemee nipambe.

Mimi nilizaliwa hapahapa Dubai. Baba alikuwa dereva wa arbab mmoja, bosi wa Kiarabu, kule Al Warqa, mama alikuwa mfanyakazi wa ndani wa nyumba hiyohiyo, na arbab, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisaidia mambo ya viza ili nikae nao. Chumba chetu kilikuwa nyuma, kati ya stoo na jiko la nje. Ninyi mliolelewa nyuma ya majumba kama lile mnajua. Unajifunza kucheza bila kelele. Unajua gari la nani limeingia kwa mlio tu. Na ule mlango mkubwa wa mbele, kwako wewe si mlango, ni ukuta wenye kishikio.

Nilikuwa naota meno ya mbele ya ukubwani Sir Hamad alipomleta. Sir Hamad ndiye kijana mkubwa wa arbab. Alishuka kwenye gari amebeba taulo la bafuni, na ndani ya taulo kulikuwa na kitu cha rangi ya chungwa kinachokoroma kama mashine ya kusagia iliyoishiwa nguvu. Alimwita Zafarani.

"Wewe Kenya," akamwambia baba. "Wewe unajua simba."

Baba alikuwa anajua Toyota. Ni kweli kwetu Taita tumepakana na hifadhi kubwa ya wanyama, lakini simba wote ambao baba aliwahi kuwaona kwa karibu walikuwa kwenye kalenda. Ila hapa ukimwambia bosi hujui, anatafuta anayejua. Baba akasimama wima, akasema, "Yes sir. Najua sana."

Basi. Dereva mwingine akaletwa, funguo za gari zikaenda kwake, na baba akawa mtu wa taiga. Mshahara uleule, viza ileile, kazi tofauti. Kumbukeni hapo, kwa sababu mimi wakati ule sikuona kitu cha kukumbuka. Niliona tu kwamba baba sasa anashinda nyumbani.

Stoo ilikuwa bado haijafungwa AC, na madam, mke wa arbab, alisema hataki mkojo wa mnyama kwenye mazulia yake, kwa hiyo siku za mwanzo Zafarani alilala kwetu. Alilala kwenye blanketi langu. Nilikuwa na langu dogo, la kitanda cha mtoto, lenye uso wa chui milia, mama alilinunua nilipozaliwa. Zafarani alilikumbatia, akakamata pembe moja na kuinyonya kutwa, anakandakanda kwa miguu ya mbele huku amefumba macho, mpaka uso wa yule chui aliyechorwa ukapauka upande mmoja. Mimi nikalala na mama. Sikulia. Niliona ni haki, kwa sababu yule kwenye blanketi alifanana naye kuliko alivyofanana na mimi.

Halafu akakua, na walikua wote wawili, yeye na harufu yake. Akahamishiwa stoo, wakaweka nondo dirishani na mlango wa chuma, wakafunga AC iliyokuwa nzuri kuliko yetu. Mpaka leo nikipita nyuma ya hoteli saa ya kuyeyusha kuku, wakati mtu ameosha sakafu kwa dawa, miguu yangu inasimama yenyewe. Kuku wabichi na dawa ya sakafu: hiyo ndiyo harufu ya baba yangu. Alikuwa anayeyusha kuku kwenye beseni nje ya stoo, anawatia kwenye ndoo ya bati, halafu anagonga ndoo kwa upawa, kwa, kwa, kwa, na Zafarani anakuja mlangoni popote alipokuwa. Hakuja kwa Sir Hamad, hata Sir Hamad alipomwita jina mbele ya marafiki zake na simu zimewashwa. Alikuja kwa ndoo. Mimi nilikuwa nimekatazwa kuvuka mstari wa chaki ambao baba aliuchora sakafuni, basi nilikaa nyuma ya mstari juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa na kumwangalia akila. Alikula kwa adabu. Alibakiza miguu.

Sasa nimlete Raju, maana bila yeye mambo haya hayaendi.

Raju alikuwa mpishi wa nyumba ile, Mhindi, mwenye masharubu aliyoyapaka rangi na kaptura moja ya bluu ambayo nadhani alizaliwa nayo. Yeye na baba walizungumza kachumbari: Kiarabu kidogo, Kihindi kidogo, Kiingereza, na matusi ya Kiswahili ambayo baba alimfundisha na kumwambia ni salamu. Mimi nawaandikia kwa Kiswahili chetu tu, tusipotezeane muda. Kila baada ya chakula cha mchana Raju alitoka na birika la chai ya maziwa, akakaa na baba kwenye kivuli cha tangi la maji, na akawa anaeleza habari za kwao.

Kwao kulikuwa katikati ya India, ukingoni mwa hifadhi ya chui milia. Zamani hata ukingoni hawakuwa, walikuwa ndani kabisa.

"Babu yangu alizaliwa mule msituni," Raju alisema. "Baba pia. Mimi pia, nilikuwa hivi," akanionyesha mimi. "Serikali ikaja, ikasema hapa katikati ni pa chui. Watu wote wanatoka, wanapewa nyumba kando ya barabara."

"Mkafukuzwa," baba akasema.

"Tukahamishwa, bhai. Kuna tofauti. Ukifukuzwa hupewi lori la kubebea ng'ombe." Akanywa chai. "Nyumba mpya ina umeme. Skuli iko karibu, duka liko karibu. Mama yangu anasema ni afadhali. Baba yangu naye anasema ni afadhali, ukimwuliza mbele ya watu."

"Na usipomwuliza mbele ya watu?"

"Anakuuliza kisima chake kina hali gani."

Mdogo wake Raju alikuwa mlinzi wa msitu huohuo waliotolewa. Hapo ndipo mimi niliacha kila kitu na kusikiliza. Kila asubuhi mdogo wake anatembea kwa miguu, ana fimbo na chupa ya maji, anatafuta nyayo, anatafuta nyaya ambazo majangili wametega chini ya majani. Kwenye miti wamefunga kamera mbilimbili zinazotazamana, chui akipita katikati anapigwa picha ubavu wa kulia na wa kushoto, kwa sababu milia ya huku si sawa na ya huku, na hakuna chui mwenye milia ya mwenzake. Kwa hiyo wanawajua mmoja mmoja. Huyu ni yule mama wa bwawani, huyu ni mtoto wake wa pili, huyu ni mgeni, ametoka hifadhi ya pili kwa kupitia ule ukanda mwembamba wa miti ambao wamekataza mtu kuukata. Kuna barabara kubwa imeinuliwa juu ili chui wapite chini. Nchi nzima, alisema Raju, wanawahesabu. Wale waliokuwa wanakwisha sasa wanaongezeka.

"Na wewe, chui umewaona wengi?" baba akamwuliza.

Raju akakoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. "Nimewasikia."

"Kuona?"

"Nyayo nimeona. Kubwa hivi."

"Raju. Kuona."

Raju akanyoosha kidole kuelekea mlango wa stoo. "Wa kwanza ni huyo."

Baba alicheka mpaka akashika tangi. "Ala! Mimi Mtaita nimekuja Dubai kulisha chui, na wewe mtu wa msituni umekuja Dubai kumwona!"

"Cheka tu. Wewe simba wako yuko kwenye kalenda."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka, nilikuwa na kazi kichwani. Mtoto aliyezaliwa nyuma ya nyumba ya watu hapa anajua dunia inavyokwenda, na mimi niliijua. Kila mtu ana kafeel, mdhamini wa viza yake. Kafeel akisema khalas, viza inakuwa kensel, unapewa tiketi, unafunga katoni, unaenda kwenu. Nilikuwa nimeona watu wengi wakienda hivyo, na kila mmoja alikuwa na kwao. Kwa hiyo nilielewa mambo ya hifadhi vizuri sana, nadhani kuliko Raju mwenyewe. Ile hifadhi ilikuwa kwao Zafarani. Serikali yao ilikuwa imemwekea nafasi, wamemlindia, wamemwinulia barabara. Hata babu wa Raju walimtoa ili yeye apate pa kukaa. Mtu haondoi babu wa watu bure. Kilichobaki ni Sir Hamad kusema khalas.

Na sheria ikatoka. Kwamba hakuna tena mtu kufuga mnyama mkali nyumbani, aliye naye amkabidhi. Nilisikia kutoka jikoni, madam akimwambia Sir Hamad kwa sauti ya juu, na Sir Hamad akijibu inshallah, inshallah, kama mtu anayeambiwa aende kukata nywele. Nilifurahi mpaka nikaruka. Usiku nikawasikia wazazi wangu.

"Akienda huyu, wewe utakuwa nani hapa?" mama aliuliza.

"Nitarudi kwenye gari."

"Gari lina mtu."

Baba akageukia ukuta.

"Na Wakesho? Karatasi zake ziko kwenye zako."

"Mama Wakesho, lala."

Nilidhani wanamhuzunikia Zafarani. Niliona nitawafariji kwa kuonyesha kwamba mambo yako sawa, safari imeandaliwa. Nikaanza kufunga mzigo wake.

Maana hiyo nayo mnaijua: mtu anayekwenda kwao hapa haendi mikono mitupu, na mizigo mingi anayobeba si yake. Anapewa viatu vya mtoto wa fulani, dawa ya presha ya mama wa fulani, na hakatai, kwa sababu kesho ni zamu yako. Nikachukua blanketi langu, lile lililopauka, nikalikunja ndani ya katoni ya tambi kutoka jikoni, nikazungushia selotepu mpaka ikaisha. Ili aende akamwonyeshe mama yake alilala wapi. Halafu nikachukua maka peni, nikaenda kwa Raju aliyekuwa anamenya vitunguu.

"Anko Raju, msitu wenu unaitwaje? Nataka kuandika hapa juu."

"Wa nini?"

"Zafarani anaenda kwao. Mizigo isipotee."

Raju aliacha kisu. Alikuwa analia kwa vitunguu, kwa hiyo siwezi kusema alilia. "Beti, binti yangu, hawezi kwenda kule."

"Kwa nini? Wamewekewa mahali."

"Wamewekewa waliozaliwa kule. Huyu kazaliwa kwenye kizimba cha mtu, na mama yake kazaliwa kwenye kizimba. Hajui kuwinda. Na hawaogopi watu, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ukimwacha msituni, siku ya pili yuko kijijini kwa mama yangu anatafuta ndoo. Watamwua, au ataua mtu. Mdogo wangu hata kwenye kamera akimwona hatamwandika, atauliza huyu ametoka wapi." Akafuta macho kwa bega. "Watampeleka kituo cha wanyama, hapahapa. Pazuri, pana miti. Lakini kwao hana."

"Kila mtu ana kwao," nikasema. Nilikuwa nimekasirika. "Hata mimi nina kwetu. Kwetu Taita."

"Ndiyo," Raju akasema. "Umeshafika?"

Nilikuwa sijafika. Nilichukua katoni yangu, nikatoka. Juu yake nikaandika ZAFARANI, INDIA, MSITUNI, kwa herufi kubwa, kwa sababu niliamua Raju ni mpishi na mpishi hajui mambo ya viza.

Watu wa kumchukua walikuja asubuhi yenye joto la kukausha mate. Walikuja na lori, kreti ya chuma, na daktari wa wanyama, mama mmoja Msudani mwenye sauti ndogo. Yeye alikuwa amepiga simu mapema, amesema Zafarani asilishwe mpaka wao wafike.

"Sitaki kumdunga sindano ya usingizi na joto hili," alimwambia baba. "Wengine hawaamki. Aingie mwenyewe. Anakusikia wewe?"

"Anasikia ndoo," baba akasema.

Waliisogeza kreti mpaka ikabana na mlango wa stoo. Zafarani alinusa chuma kipya, akarudi kona ya mwisho, akalala na masikio yamebanwa nyuma. Walijaribu kumwita, akakoroma. Walijaribu kusubiri. Jua likapanda. Arbab alikuwa kazini, madam alikuwa ameufunga ule mlango usio mlango, na Sir Hamad alisimama karibu na baba, miwani usoni. Mimi nilikuwa nyuma ya mstari wangu wa chaki na katoni yangu, kwa hiyo nilimsikia.

"Usimwite," alimwambia baba polepole. "Asipoingia leo wataondoka. Nitaongea na watu. Yeye akibaki, wewe unabaki. Unaelewa?"

"Naelewa, sir."

Mimi nilielewa kwamba Sir Hamad anamwonea huruma asisumbuliwe na joto. Nilifikiri, jamani, kumbe ana roho nzuri.

Baba alisimama. Ndoo mkono mmoja, upawa mkono mwingine, upawa uko juu na hauendi popote. Jasho lilikuwa linamtoka kidevuni linadondoka ndani ya ndoo, juu ya kuku. Mama alikuwa mlangoni pa chumba chetu, mkono mdomoni. Daktari aliangalia saa, akaangalia joto kwenye simu yake, akamwambia kijana wake kitu, kijana akaenda kwenye lori, akarudi na mkoba wa sindano. Kule ndani Zafarani akainua kichwa kidogo, akanusa hewa upande wa ndoo, akalamba pua yake, akakilaza tena.

"Wakesho," baba akasema bila kugeuka. "Leta hilo blanketi."

"Ni la safari!"

"Najua. Lete."

Nikavuka mstari wa chaki mara ya kwanza maishani mwangu. Baba aliichana katoni yangu kwa meno, selotepu yote ile, akalitandaza blanketi ndani ya kreti kwa fimbo, akatupa kuku mmoja juu yake, halafu akagonga. Kwa, kwa, kwa.

Zafarani aliamka. Alikuja tumbo likigusa sakafu, akaingiza kichwa, akanusa. Kuku hakumgusa. Alitafuta ile pembe iliyopauka, akaipata, akaingia mzima mzima kuifuata, na nilikuwa naona mkia tu wakati mlango wa chuma ulipoteremka. Ndipo akala.

Sir Hamad alivua miwani, akaondoka. Mimi nilipunga mkono mpaka lori likakata kona. Nilikuwa na furaha. Nilimwambia mama, "Sasa amepata kensel, anaenda kwao," na mama akaniambia niingie ndani nisipigwe na jua.

Baada ya wiki chache, nasi. Arbab alimwita baba sebuleni, akampa mkono, akasema shukran, nyumba haina tena kazi yake. Alitoa tiketi mbili. Mama alibaki kwa sababu kazi yake ilikuwa ipo. Sitaandika uwanja wa ndege. Mmeshakaa uwanja wa ndege. Niseme tu kwamba tulipewa mizigo ya watu, na kwenye mkokoteni, juu ya vyote, lilikuwa blanketi jipya kubwa la kumpelekea nyanya yangu, chui anatuangalia.

Na Taita nikafika. Nyanya anaishi sehemu ambayo ukisimama nyuma ya choo unaiona nyika ya hifadhi mpaka macho yachoke. Kuna uzio wa umeme, kuna askari wa wanyamapori, kuna ndovu wasiojali kimoja wala kingine, wanaokuja kuvuna mahindi kabla ya mwenye shamba. Nilidhani nitaipenda papo hapo. Ni kwetu, si ndiyo? Siku ya kwanza nyanya alinituma kwenye banda nilete kuku, na mimi, niliyekaa utoto wangu mbele ya meno ya chui, nilikimbia nikipiga mayowe mpaka barabarani. Kuku wote niliowajua walikuwa wameganda. Sikujua wana macho.

"Mtoto wa Dubai anaogopa kuku!" binamu zangu waliimba. "Mpeni wa friji!"

Nilikuwa sijui kuchota maji, sijui kutembea gizani, nilikaa nikisubiri AC ianze. Nilimsalimia kila mtu kwa kumwita sir. Wiki za mwanzo nilikuwa najikunja kwenye blanketi la nyanya kutwa na kuikamata pembe. Nyanya hakucheka. Alinipa bakuli la mahindi, akaniketisha kwenye kigoda karibu na banda. "Kaa kimya. Usimkimbilie, usimkimbie. Watakuzoea." Ilichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Lakini walinizoea, nami nikawazoea, na siku moja nilimshika jogoo miguu nikamletea nyanya bila kuambiwa. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyofika Taita. Zafarani asingepata mtu wa kumpa kigoda. Raju alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, na vitunguu vyake.

Mama alirudi baadaye, mimi nikamaliza form four, nikakaa, nikachoka kukaa, nikaja. Sasa nina viza yangu na kafeel wangu. Zafarani nimeulizia, nikaambiwa kuna chui milia kwenye kile kituo, wamezeeka, wana miti. Sijaenda. Nina siku moja ya kupumzika kwa wiki na ninafua.

Raju alisharudi kwao. Huwa anamtumia baba picha. Mwaka huu alituma moja kutoka kwenye kamera ya mdogo wake: chui jike na watoto, wa kweli, wa msituni, wamelala juu ya mawe ya mviringo yaliyoota nyasi. Kile ni kisima cha baba yake.

"Mzee amesema nini?" baba alimwuliza.

"Amesema ni afadhali," Raju akajibu. "Na tulikuwa wawili tu."

Jana, baada ya Achieng kuniita mwongo, nilimpigia baba. Nilimwuliza jambo ambalo sijawahi kumwuliza. Kama siku ile alijua.

"Kujua nini?"

"Kwamba ukigonga ndoo, umejigongea na wewe. Na mimi."

"Hilo nani hakulijua? Mama yako alilijua. Hata kuku walilijua."

"Na Sir Hamad alikuambia usimwite."

"Ulisikia?"

"Nilikuwa hapohapo, baba. Sasa mbona uligonga?"

Nyuma yake nilisikia kuku wa nyanya wakigombana. Nilikuwa najua atasema mambo ya sheria, au ile sindano, au kwamba mnyama si wa kufungiwa stoo. Nilikuwa tayari hata kumsaidia maneno, maana huwa anachelewa.

"Alikuwa na njaa," baba akasema. "Tangu jana yake hakuwa amekula. Amenusa kuku, ameona ndoo, anajua mimi ndiye wa ndoo. Nisimame tu pale nimwangalie? Ungetaka nifanye nini, mama?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Na wewe," akasema, "umekula?"

Nikamwambia nimekula.